Kazi Isife kwa Sababu Terminali Imefungwa

Mtandao ukikatika katikati ya kazi ya saa sita kwenye seva ya mbali, wengi hukimbilia kuianza upya. Subiri kwanza. Mara nyingi kazi hiyo bado inaendelea, na hata kama iko njiani kufa, muda wa kuiokoa upo, ilimradi ujue imefungamana na nini.

Mchakato wa Unix, yaani programu inayoendeshwa, hufungamana na terminali kwa njia tatu: kikao (session) ulimozaliwa, terminali inayotawala kikao hicho, na mafaili matatu yaliyofunguliwa tangu mwanzo, yaani namba 0 ya kusomea, 1 ya kuandikia na 2 ya makosa. Amri tunazoambiana kila siku, nohup, disown, setsid, screen, tmux, reptyr, kila moja inagusa baadhi tu ya hizo. Ndiyo maana ushauri uleule humfaa huyu ukamwangusha yule.

Kabla hujagusa chochote, tazama hali ilivyo:

ps -u $USER -o pid,ppid,pgid,sid,tty,tpgid,stat,cmd

Utapata kitu kama hiki:

  PID  PPID  PGID   SID TT    TPGID STAT CMD
 4120  4098  4120  4120 pts/3  4377 Ss   -bash
 4377  4120  4377  4120 pts/3  4377 S+   python3 chakata.py

Hapa 4120 ni Bash, sheli inayopokea amri zako, nayo ndiyo kiongozi wa kikao. PID (namba ya mchakato) na SID (namba ya kikao) zake zinalingana, na herufi s ndogo kwenye STAT inathibitisha. Python iko kwenye kundi lake la michakato, 4377, na TPGID inasema kundi hilo ndilo lililoko mbele. Alama ya + inasema jambo hilohilo. Ukibonyeza Ctrl-C, si sheli inayotuma SIGINT, ishara ya kukatiza, bali terminali yenyewe ndani ya kerneli (kiini cha mfumo endeshi), tena inaituma kwa kundi zima la mbele. Ukiona alama ya kuuliza kwenye TT, mchakato huo hauna terminali kabisa, kwa hiyo kufunga dirisha hakuuhusu. T kwenye STAT ni mchakato uliosimamishwa. D ni mchakato unaosubiri diski au mtandao ndani ya kerneli, na hapo hata kill -9 haifanyi kitu mpaka usubiri huo uishe.

Terminali ikiondoka, kerneli hutuma SIGHUP, ishara namba 1, kwa kiongozi wa kikao, yaani sheli. Sheli nayo ikiipokea huisambaza kwa kila kazi iliyo kwenye orodha yake, ile unayoiona kwa amri ya jobs, iwe ya mbele au ya nyuma. Programu ambayo haikujiandaa kwa SIGHUP hufa papo hapo, kwa kuwa hiyo ndiyo tabia ya msingi.

Kutoka kwa exit ni habari nyingine. Ukiiaga Bash kwa exit, haitumi SIGHUP kwa kazi za nyuma, isipokuwa umewasha shopt -s huponexit na sheli yenyewe ni ile ya kuingilia. Zsh inatuma, maana chaguo lake la HUP limewashwa tangu mwanzo, na aliyehamia huko kutoka Bash huona kazi zake zinakufa bila kuelewa kisa. Kwenye Zsh andika &! badala ya & na kazi itatolewa kwenye orodha mara moja, au weka setopt NO_HUP kwenye .zshrc. Kazi zilizosimamishwa kwa Ctrl-Z hazina bahati hiyo: Bash itakuonya mara moja kwamba zipo, ukirudia exit zinauawa.

Mtandao kukatika kunahitaji maelezo zaidi, kwa sababu hapo ndipo kazi nyingi huokolewa. Kompyuta yako ikipoteza mtandao ghafla, seva haina habari. Hakuna aliyeiaga. sshd, programu ya seva inayopokea miunganisho ya ssh, inaendelea kuishikilia terminali yako pts/3, Bash ipo, kazi ipo. Kama programu iko kimya, seva itagundua tu TCP itakapopima uhai wa muunganisho, na Linux kwa mipangilio yake ya kawaida hungoja sekunde 7200, halafu hupima mara 9 kwa nafasi ya sekunde 75. Jumla ni kama saa 2 na dakika 11. Programu inayoandika kwenye skrini hufupisha muda huo, maana data iliyotumwa haipati jibu na kerneli hukata tamaa baada ya dakika 15 hivi. Kama msimamizi wa seva ameweka ClientAliveInterval 60 na kuiacha ClientAliveCountMax kwenye 3, una dakika tatu tu. Kwa hiyo mtandao ukirudi, usipoteze muda kutafuta nani wa kumlaumu. Ingia upya, endesha ps ile ya juu, na kama pts/3 bado ipo, ihamishe kazi kwanza. Jinsi ya kuihamisha iko mbele kidogo.

Programu inayoandika kwa wingi ina tabia yake katika kipindi hiki. Bafa (hifadhi ya muda) ya terminali hujaa, kuandika kunazuiwa, na programu inasimama kimyakimya bila kosa lolote. Haijafa. Dalili ni ileile ya mtu aliyebonyeza Ctrl-S bila kukusudia, na wapo waliowahi kuua kazi nzima ambayo ilihitaji Ctrl-Q tu.

Sasa njia za kawaida, kuanzia ya kazi iliyokwisha kuanza na terminali bado iko mkononi. Ctrl-Z hutuma SIGTSTP na kulisimamisha kundi la mbele. Amri ya bg hulituma SIGCONT na kuliacha liendelee nyuma. Kisha:

disown -h %1

Bila -h, disown inaifuta kazi kwenye orodha ya sheli. Ukiweka -h, kazi inabaki kwenye jobs ila sheli haitaipelekea SIGHUP. Mimi napendelea -h, maana ukibadili mawazo fg bado inafanya kazi.

Tatizo la disown ni kwamba haigusi mafaili. Namba 1 na 2 bado zinaelekea pts/3, na terminali ikishaondoka, kila jaribio la kuandika hurudisha kosa la EIO, yaani hitilafu ya kusoma au kuandika. Programu nyingine hulipuuza. Python hutoa OSError na kufa. Kazi inaweza kukimbia usiku kucha salama kabisa, ikafika kwenye print yake ya kwanza ikaanguka, na hutapata mstari wowote wa kueleza kwa sababu mahali pa kuuandika ndipo palipotoweka. Hili ndilo chanzo cha malalamiko mengi ya “nili-disown lakini ilikufa”. Kagua kabla ya kuondoka:

ls -l /proc/4377/fd

Ukiona 1 inaelekea /dev/pts/3, disown peke yake haitoshi. Kwa kazi isiyoandika chochote mpaka mwisho na ambayo matokeo yake yanaingia kwenye faili, inatosha vizuri tu.

Upande wa kusoma una mtego wake. Kazi ya nyuma ikijaribu kusoma kutoka kwenye terminali, kerneli huitumia SIGTTIN na inasimama. Bash itaandika Stopped, Zsh itaongeza tty input. Wanaonaswa zaidi ni ssh inayotaka nenosiri, sudo, na programu za kusakinisha zinazouliza ndiyo au hapana. Kama lazima sudo itumike, endesha sudo -v kwanza ili nenosiri likubaliwe, ndipo uanzishe kazi, na usichelewe sana kwa sababu ruhusa hiyo huisha. Kwa ssh tumia funguo na uweke -n. Kuandika kutoka nyuma hakuzuiwi, isipokuwa mtu amewasha stty tostop.

Kazi ambayo haijaanza ni rahisi zaidi:

nohup python3 -u chakata.py > chakata.log 2>&1 < /dev/null &

Kila kipande hapo kina sababu. nohup inaifanya programu iipuuze SIGHUP, na kama namba 1 ni terminali, inaielekeza kwenye nohup.out. Basi. Haiipeleki nyuma, hiyo ni kazi ya &, wala haiitoi kwenye kikao. Mpangilio wa 2>&1 ni lazima uje baada ya > chakata.log, ukiutanguliza, makosa yatabaki kwenye terminali na umerudi kwenye EIO. < /dev/null inaondoa mtego wa SIGTTIN, kwani programu ikitaka kusoma itakuta mwisho wa faili na kuendelea au kulalamika kwenye logi.

nohup amri1 && amri2 inalinda amri1 peke yake. Ya pili inaendeshwa na sheli, na sheli haijalindwa. Andika nohup sh -c 'amri1 && amri2' na mambo yatakaa sawa. nohup haitambui pia majina ya mkato uliyojiwekea kwenye .bashrc, kwa hiyo usishangae ikisema amri haipo ilhali ukiiandika bila nohup inafanya kazi.

Kisha kuna logi tupu. Programu inaenda, tail -f haionyeshi kitu, mtu anadhani imekwama na kuiua. Maktaba ya C ikiona namba 1 ni terminali, husukuma maandishi kila mstari ukiisha. Ikiona ni faili, hukusanya kwanza mpaka bafa ijae, kwa kawaida baiti 4096. Kwa Python weka -u kama hapo juu. Kwa programu nyingi za C tangulizia stdbuf -oL, na grep ina --line-buffered yake. Programu iliyounganishwa na maktaba zake moja kwa moja ndani ya faili lake haitaisikia stdbuf.

Mwenzake wa tatizo hilo ni ssh isiyorudi. Unaandika ssh seva 'nohup ./kazi.sh &' na terminali yako inabaki imeganda, ingawa kazi imeanza. sshd inasubiri hadi wote walioshika mafaili yake ya kuandikia wayaachie, na kazi yako bado imeyashika. Ukielekeza yote matatu, 0, 1 na 2, inarudi mara moja. Kama tayari umeganda, bonyeza Enter, kisha ~ na nukta. Enter ni lazima, kwa sababu ssh huitambua ~ mwanzoni mwa mstari tu. Njia hiyohiyo ndiyo ya kutoka kwenye kikao kilichokatika badala ya kufunga dirisha zima.

Ukitaka kuikata kazi kabisa na kikao, setsid ndiyo amri yenyewe. Inaunda kikao kipya kisicho na terminali, kwa hiyo hakuna SIGHUP ya kuingojea. Shida ni kwamba $! haikupi namba sahihi ukitumia -f, kwani setsid hujizalisha upya na anayebaki ana namba nyingine. Mimi huandika hivi:

setsid -f sh -c 'echo $$ > kazi.pid; exec python3 -u chakata.py' > chakata.log 2>&1 < /dev/null

exec inahakikisha Python inachukua nafasi ya sh kwa namba ileile, na kwa kuwa mchakato huo ni kiongozi wa kundi, unaweza kuusimamisha pamoja na watoto wake wote kwa kill -- -$(cat kazi.pid). Alama ya kutoa mbele ya namba ndiyo inayosema kundi zima. Ukiisahau unaua mzazi na watoto wanabaki wakila kichakataji.

Pamoja na hayo yote, kwa kazi yoyote itakayozidi dakika kumi, fungua tmux kwanza. nohup inakupa kazi usiyoweza kuigusa tena ila kwa kuiua. Tmux inakupa kazi unayoiacha na kuirudia, ukajibu maswali yake, ukabonyeza Ctrl-C. Siri yake ni ndogo: kuna seva ya tmux isiyo mtoto wa terminali yako, inayofungua terminali bandia zake yenyewe na kuendesha programu humo. Unachokiona wewe ni mteja tu anayechora skrini. Mtandao ukikatika anakufa mteja, programu haisikii chochote. screen, iliyoanzishwa na Oliver Laumann na Carsten Bormann mwaka 1987, inafanya vivyo hivyo, na kwenye mashine za zamani mara nyingi ndiyo utakayoikuta. tmux ya Nicholas Marriott ilianza 2007. Kubishana ipi bora hakuna faida, tumia iliyopo.

tmux new -A -s uhamisho

-A inamaanisha kama kikao chenye jina hilo kipo, ingia humo badala ya kukataa. Unajitenga kwa Ctrl-b kisha d, unaviona vikao kwa tmux ls, unarudi kwa tmux attach -d -t uhamisho. Usiiache -d. Inamwondoa mteja wa zamani ambaye seva bado inadhani yuko hai, na ambaye dirisha lake dogo linaweza kukubania skrini. Kwa screen ni screen -S uhamisho, Ctrl-a kisha d, screen -ls, na kurudi ni screen -d -r uhamisho. Watu hukwama kwa screen -r kwa sababu orodha inasema Attached. Ni yuleyule mteja mfu, na -d -r ndiyo dawa. screen -x inaruhusu watu wawili kutazama pamoja.

Ndani ya tmux yapo mambo ambayo hutayajua mpaka yakuume. Historia ya kila paneli ni mistari 2000 tu, na ukiongeza kwa set -g history-limit 50000, madirisha yaliyokwisha kufunguliwa hayabadiliki. Kwa kazi muhimu usitegemee historia, washa logi:

tmux pipe-pane -o 'cat >> ~/uhamisho.log'

Ukianzisha kwa tmux new 'python3 chakata.py' moja kwa moja, programu ikiisha dirisha linafungwa pamoja na ujumbe wake wa mwisho, ambao ndio uliokuwa ukiutaka. Ama washa remain-on-exit, ama anzisha sheli kwanza na uandike amri ndani yake. Hii ya pili ni rahisi zaidi.

Ukiingia upya, paneli za zamani bado zina SSH_AUTH_SOCK (anwani ya wakala wa funguo za ssh) ya muunganisho uliokufa, na git au ssh ndani yake zitakataa funguo zako ghafla. tmux imekwisha kupata thamani mpya, ila sheli iliyokuwa inakimbia haiwezi kubadilishiwa kutoka nje. Iombe wewe:

eval "$(tmux show-environment -s SSH_AUTH_SOCK)"

Siku nyingine tmux itasema hakuna seva ilhali ps inaionyesha. Mara nyingi kisafishaji cha /tmp kimeifuta soketi, faili ambalo mteja hulitumia kuwasiliana na seva, ambayo kwa mtumiaji namba 1000 ni /tmp/tmux-1000/default. Usiiue seva. Itumie kill -USR1 pamoja na PID yake na itaiunda soketi upya. Kama folda yenyewe imefutwa, iunde kwanza kwa ruhusa ya 700. Na ukisasisha tmux wakati vikao vinaendelea, mteja mpya anaweza kukataliwa na seva ya zamani kwa tofauti ya toleo la itifaki. Programu ya zamani bado imo kwenye kumbukumbu ya kerneli, kwa hiyo /proc/PID/exe attach, ukiweka namba ya seva mahali pa PID, inakuingiza.

Adui mmoja hata tmux haimwezi: systemd-logind, sehemu ya systemd inayosimamia vikao vya watumiaji. Toleo la 230 la systemd, mwaka 2016, lilibadili KillUserProcesses kuwa yes, maana yake ukitoka, kila mchakato wako uliobaki kwenye kikao unauawa, nohup na tmux zikiwemo. Baadhi ya watengenezaji wa mifumo waliirudisha no, wengine waliiacha. Angalia yako:

systemd-analyze cat-config systemd/logind.conf | grep Kill

Kama ni yes, na wewe si msimamizi wa kuibadili, omba uwekewe loginctl enable-linger kwa jina lako, kisha anzisha tmux nje ya kikao cha kuingia kwa systemd-run --user --scope tmux new -s kazi. Kazi isiyohitaji kibodi kabisa ni afadhali uipe systemd yenyewe kwa systemd-run --user --unit=chakata, na logi utaisoma kwa journalctl --user -u chakata.

Turudi kwa ile kazi iliyoanza bila maandalizi, nayo ina saa tano zake. Chombo ni reptyr ya Nelson Elhage, inayofanya kazi kwenye Linux na FreeBSD. Kama terminali ya zamani bado inasikia, huko bonyeza Ctrl-Z, andika bg, kisha jobs -l uone namba, kisha disown. Kama haisikii, ruka hatua hiyo. Ingia kwa muunganisho mpya, fungua tmux new -s okoa, na ndani yake:

cat /proc/sys/kernel/yama/ptrace_scope

Jibu likiwa 1, mchakato hauruhusiwi kuushika mwingine usio wa ukoo wake, na reptyr itagonga mwamba kwa Operation not permitted. Legeza, hamisha, kaza tena:

sudo sysctl kernel.yama.ptrace_scope=0
reptyr 4377
sudo sysctl kernel.yama.ptrace_scope=1

Ya tatu iendeshe kwenye paneli nyingine, kwa kuwa ile ya kwanza sasa ni ya Python. Usiiache 0, mlango huo unaruhusu programu yako yoyote kusoma kumbukumbu ya nyingine.

Kinachotokea ni hiki: reptyr inaushika mchakato kwa ptrace, njia ya kerneli ya kudhibiti mchakato mwingine, inaulazimisha ufungue terminali bandia mpya, inabadilisha mafaili yake yaliyokuwa yakielekea pts/3 yaelekee huko, kisha inauamuru uanzishe kikao kipya. Njia zote tatu za mwanzo zinahamishwa kwa pamoja. Ndiyo maana Ctrl-C inafanya kazi baadaye. Hakikisha kwa ps: SID na TT za 4377 ziwe zimebadilika, na ls -l /proc/4377/fd isiitaje tena pts/3. Hapo ndipo uifunge sheli ya zamani, si kabla. Sheli hiyo inabaki kuwa mzazi mpaka ife, kwa hiyo namba ya kumalizikia ya kazi haitaonekana kwako upande mpya. Programu ya skrini nzima kama vim au top itaonekana tupu mwanzoni. Ctrl-L inaichora upya.

Inakataa wapi? Mchakato wenye watoto, au ulio kwenye msururu wa paipu, haushikiki peke yake, kwani kundi moja la michakato haliwezi kugawanywa kati ya vikao viwili. Hapo kuna reptyr -T 4377, inayochukua terminali nzima pamoja na sheli na kila kilicho ndani yake. Kwa vikao vya ssh inahitaji mamlaka ya root (msimamizi mkuu), kwa sababu anayeshikilia upande wa pili wa terminali ni sshd. Kazi iliyoanzishwa kwa sudo inahitaji root pia. Ndani ya kontena ptrace mara nyingi imefungwa kabisa. Na programu uliyoielekeza kwenye faili tangu mwanzo haitaonyesha kitu, maana reptyr huhamisha tu kile kilichokuwa terminali. -s inalazimisha 0, 1 na 2 zihamishwe kwa vyovyote. Izoee kwa top kabla ya siku ya shida.

Seva isiyo na reptyr lakini yenye gdb, chombo cha kuchunguza programu inayoendeshwa, inaokoa nusu, na nusu hiyo mara nyingi inatosha. Ruhusa ya ptrace inahitajika vilevile. Unda faili kwa touch /var/tmp/okoa.log, kisha gdb -p 4377, na ndani yake:

call (int)open("/var/tmp/okoa.log", 1025)
call (int)dup2($1, 1)
call (int)dup2($1, 2)
call (void*)signal(1, 1)
detach
quit

1025 kwenye Linux ni kuandika tu, kwa kuongeza mwishoni mwa faili. $1 ni jibu la amri ya kwanza kama gdb inavyolihifadhi. Likiwa -1, acha hapo, faili halikufunguka. Mstari wa signal unaiambia programu iipuuze ishara namba 1. Mchakato umesimama muda wote gdb ikiushika, kwa hiyo kama unahudumia wengine, andaa mistari hiyo pembeni na uibandike haraka. Hujapata kibodi wala kikao kipya, ila EIO na SIGHUP vyote viwili vimeondolewa.

Kwenye macOS hakuna /proc, reptyr haifanyi kazi na amri ya setsid haiji na mfumo. Huko nohup, disown na tmux ndizo zilizobaki, na kazi iliyoanza nje ya tmux haina namna ya kuingizwa ndani baadaye.